Liparamba si shamba la bibi

Ndugu mwandishi, makala yako inawahimiza vijana wa mjini wachukue upinde, wateremke kwa lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kisha waingie msituni kuwinda, eti kwa kuwa pori ni mali ya umma. Napinga kabisa.

Mali ya umma ni yetu sote, pamoja na mtoto ambaye hajazaliwa. Liparamba, mpakani na Msumbiji, ni pori la akiba, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inadai leseni kabla ya mshale. Safari inapangwa kuanzia hapo.

Umesifu upinde kwa ukimya wake. Sawa, lakini umeruka jambo zito. Pongo akichomwa tumboni haanguki papo hapo. Hujikokota nyasini, tone la damu hapa, jingine hatua kumi mbele. Giza likiingia, nani anamfuata? Akivuka mpaka je? Wazee walipaka mishale sumu ili mnyama asiende mbali, na sumu hiyo leo ni marufuku. Kijana asiyeweza kulenga moyo kwa hatua ishirini, mwambie abaki nyumbani hata kama leseni anayo.