Gari la Jeshi Lipimwe Kwenye Tope Letu

Gari la kijeshi halipimwi kwa kung'aa kwake siku ya gwaride. Hupimwa kwa kupanda, kwa kuvuka na kwa kurudi salama. Kwa hiyo magari yanayoundwa na Shirika la Nyumbu huko Kibaha, chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, hayana budi kupelekwa mbali na karakana yalimozaliwa, yakajaribiwe hata Mwandiga, mkoani Kigoma, kabla ya kukabidhiwa wapiganaji.

Mwandiga ni njia panda. Barabara moja yaelekea Kasulu, nyingine Manyovu, mpakani mwa Burundi. Ziwa Tanganyika liko takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za nyanda za juu za Buha hupita meta 1,500. Katika safari moja fupi injini huchemka ikipanda na breki huungua zikiteremka. Dereva akiiacha lami na kuingia njia za vijijini wakati wa masika, udongo mwekundu utamweleza ukweli wa klachi, springi na ekseli zake. Uwanda wa Pwani hauwezi kutoa ushahidi huo.

Taifa hili limekwisha kuonja gharama ya jambo hili. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalikusanywa kwenda vitani. Wananchi waliyatoa kwa moyo mmoja, na Kampala ikaangushwa Aprili 1979. Lakini mengi ya magari hayo yalikuwa yameundwa kwa ajili ya abiria na mizigo ya biashara, si kwa matope ya vita. Uzalendo hauwezi kuwa badala ya ekseli imara daima.

Mataifa makubwa yanalielewa jambo hili. Tangu mwaka 1917 Marekani ina uwanja wa majaribio wa Aberdeen, jimboni Maryland. Huko magari hupandishwa miteremko mikali, huzamishwa majini na kuburuzwa matopeni kusudi yavunjike mapema, mbele ya mafundi, badala ya kuvunjika mbele ya adui. Kipimo kinachotumika sana ni kupanda meta 60 kwa kila meta 100 za mwendo wa tambarare.

Watakuwapo watakaosema kwamba Kigoma ni mbali na fedha ni haba. Lakini reli ilifika Kigoma tangu mwaka 1914, na gari lililokwama vitani hugharimu maisha ya watu. Wala haihitajiki kunyang'anya shamba la mkulima yeyote. Zipo barabara, na ipo kambi ya JKT Bulombora. Serikali za vijiji zipewe taarifa mapema, na mazao yatakayoharibika yalipwe fidia.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kila kasoro iandikwe bila aibu, irudishwe Kibaha na kurekebishwa, na dereva asikilizwe sawasawa na mhandisi. Fundi anayeficha ufa wa chuma hamsaidii yeyote ila adui. Kujitegemea si kuunda gari tu. Ni kuwa na ujasiri wa kulijaribu mpaka livunjike, kisha kuliunda upya.