Fundi na Mashine: Kabureta ya Gari Kuukuu la Magurudumu Matatu

Wenye pikipiki na mashine ndogo za shambani wamepata kuliona jambo hili mara nyingi. Mashine huwekwa ghalani ikiwa nzima, ikakaa miezi sita au mwaka. Kisha siku ya haja hutolewa nje, ikavutwa mpaka mkono ukachoka, isiwake. Au huwaka, lakini hukohoa na kutetemeka, na mara inapotiwa mafuta hunyamaza. Hapo wengi husema mota imekufa. Walakini mara nyingi mota haina ugonjwa wo wote. Kilichougua ni kabureta, yaani chombo kile kidogo kinachochanganya petroli na hewa.

Mfano mzuri wa jambo hili ni gari dogo la magurudumu matatu la kampuni ya Honda ya Japani. Lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1970 kwa jina la US90, nalo lilikuwa na mota ya sentimita za ujazo 89. Mhandisi Osamu Takeuchi alilibuni kwa kuwa wauzaji wa pikipiki wa Marekani walitaka chombo cha kuuza wakati wa baridi kali, pikipiki zinapokosa wanunuzi. Matairi yake yalikuwa manene na laini, yenye upepo kidogo sana, hata yakaweza kupita juu ya theluji, mchanga na matope bila kuzama. Mwaka 1982 ikafuata ATC200E, iliyoitwa Big Red, yenye vichanja vya kubebea mizigo, nayo iliwafaa sana wakulima.

Lakini magari hayo yalikuwa na hatari yake. Ekseli ya nyuma huzungusha magurudumu yote mawili kwa mwendo mmoja, hata penye kona, na mbele pana gurudumu moja tu. Asiyejua kuinamisha mwili wake hupinduka upesi. Watu wengi waliumia na wengine walikufa, watoto wakiwamo. Mwaka 1988 watengenezaji walipatana na serikali ya Marekani mbele ya mahakama kuacha kuuza mapya ya magurudumu matatu, na sheria ya mwaka 2008 ikakataza kabisa yasiingizwe wala kuuzwa mapya nchini humo. Hata hivyo yale ya zamani hayakunyang'anywa wenyewe. Mengi yangali yakifanya kazi, na mwenye nalo hana budi kujua kulitunza.

Na achukuliwe kwa mfano mkulima mzee wa kaskazini ya Marekani, aliyeachiwa Big Red na marehemu kaka yake. Theluji inapofunika malisho, yeye hulitumia kuwapelekea ng'ombe majani makavu. Majira yote ya joto gari lilikaa ghalani. Asubuhi ya theluji ya kwanza analivuta kamba yake, nalo haliwaki. Fundi wa mjini amwambia kwamba kufungua kabureta kuukuu ni kazi bure, afadhali anunue gari jipya la magurudumu manne. Fedha hizo mzee hana, na ng'ombe hawangoji. Je, afanye nini?

Kwanza aelewe kabureta inavyofanya kazi. Petroli hushuka kutoka tangini, hupita katika koki, na kuingia katika bakuli dogo lililo chini ya kabureta. Ndani ya bakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kuisukuma sindano ndogo izibe mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Mota inapovuta hewa, hewa hiyo hupita kwa kasi katika koo jembamba la kabureta, na kasi hiyo huipandisha petroli kutoka bakulini kupitia vijitundu viitwavyo jeti. Jeti ndogo hulisha mota inaponguruma polepole. Jeti kuu huilisha inapokwenda kwa nguvu. Katikati yake hufanya kazi sindano ndefu iliyotiwa katika slaidi, ambayo hupanda na kushuka kwa waya wa akseleta.

Sasa, petroli si kitu cha kudumu. Ikikaa miezi mingi, sehemu iliyo nyepesi hupaa hewani, na inayobaki hugeuka utomvu wa rangi ya kahawia, wenye harufu kama ya rangi ya mbao. Petroli nyingi ya Marekani siku hizi ina kadiri ya asilimia 10 ya ethanoli, nayo huvuta maji kutoka hewani. Tundu la jeti ndogo ni jembamba mno, na tone moja la utomvu hutosha kuliziba. Basi mzee wetu hakuharibiwa gari na mtu. Aliliharibu mwenyewe kwa kuliacha na petroli ndani.

Pili, asikimbilie kufungua kabureta kabla ya kuhakikisha kwamba ndiyo yenye kosa. Aitoe plagi na kuitazama. Ikiwa imelowa na kuwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa kavu na nyeupe, petroli haifiki ya kutosha. Rangi ya kahawia nyepesi ni njema. Kisha aifunge plagi katika waya wake, aigusishe chuma chake na mota, mbali na tundu la plagi na mbali na petroli yo yote, avute kamba na kuangalia kama cheche inaruka. Pasipo cheche, kabureta haina hatia. Baada ya hapo afungue skrubu iliyo chini ya bakuli, akinge kikombe, aone kama petroli inashuka vizuri. Ikidondoka kidogo kisha ikakoma, afungue kifuniko cha tangi. Ikianza kushuka tena, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Kama sivyo, achunguze chujio la koki, maana kutu ya tangi hukusanyika hapo.

Tatu, azisome dalili. Mashine ikiwaka kwa choki tu na kufa mara choki inaporudishwa, jeti ndogo imeziba. Ikinguruma vizuri inaposimama lakini ikaishiwa nguvu inapotiwa mafuta yote, yafaa kuitazama jeti kuu. Petroli ikimwagika nje ya kabureta, boya limetoboka, au sindano yake imechakaa au ina uchafu. Na mota ikipaa kwa mbio na kukawia kushuka, huenda hewa inaingia kwa wizi, hasa penye mpira uliopasuka kati ya kabureta na mota. Mtu aweza kusafisha kabureta mara kumi bila faida, kumbe ufa umo katika mpira huo.

Nne, aifungue kwa subira. Kazi hii hufanywa nje au penye upepo, bila sigara, bila taa ya moto, bila jiko karibu. Mvuke wa petroli hutambaa chini mpaka ukakutana na moto ulio mbali. Koki ifungwe kwanza. Skrubu za mashine za Japani zina msalaba wa namna yake. Bisibisi ya kawaida yenye ncha kali huteleza na kuvikata vichwa vyake. Atafute bisibisi inayokaa barabara. Kila kitu akipange juu ya kitambaa cheupe kwa taratibu kilivyotoka. Kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko, aizungushe taratibu ndani mpaka igote, huku akihesabu mizunguko, na hesabu hiyo aiandike. Hesabu ikipotea, mashine haitatulia upesi.

Jeti huoshwa kwa dawa ya kusafishia kabureta, kisha hupulizwa kwa upepo wa nguvu. Vijia vyote vya ndani ya kabureta vipulizwe vilevile, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani, kwani dawa hiyo huruka na kuchoma. Mipira yote itolewe kwanza, maana dawa hiyo huifurisha. Mtu asitie sindano ya chuma wala msumari katika tundu la jeti. Shaba ni laini, na tundu likipanuka hata kidogo, jeti imepoteza kipimo chake. Uzi mmoja wa shaba uliotolewa katika waya wa umeme hutosha, nao upitishwe kwa upole. Mwishowe jeti iinuliwe kuelekea mwanga: tundu lionekane la mviringo na safi. Boya nalo litikiswe sikioni; likisikika lina petroli ndani, lafaa kubadilishwa. Na urefu wake upimwe kama kitabu cha mashine kisemavyo, wala si kwa kukisia.

Sindano ya boya isidharauliwe. Ikivuja, na koki ikaachwa wazi usiku, petroli huteremka mpaka ndani ya mota na kuchanganyika na oili. Oili hiyo huwa nyepesi kama maji, nayo haiwezi tena kulinda vyuma. Kwa hiyo, kabureta iliyokuwa ikifurika ikisha kutengenezwa, oili inuswe. Ikinuka petroli, imwagwe yote na kutiwa nyingine kabla mota haijawashwa. Gharama ya oili ni ndogo kuliko gharama ya mota.

Mzee akafanya hayo yote, na mchana gari likawaka. Lilinguruma vema. Mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na minane, akataka kulipanda papo hapo aende kwa ng'ombe. Babu akamzuia, akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu." Akalizima. Akabonyeza akseleta kwa kidole gumba na kukiachia: slaidi ikarudi polepole. Akageuza usukani mpaka mwisho wa kushoto, akabonyeza tena na kuachia: slaidi ikabaki juu, haikurudi kabisa.

Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Slaidi inayokwama juu maana yake ni mashine isiyopunguza mwendo mtu anapotaka kukata kona. Na katika gari la magurudumu matatu, kona pamoja na mwendo ndiyo mahali lipindukiapo. Mzee aliifungua tena. Aliona kwamba waya ulipitishwa vibaya, ukibanwa usukani ulipogeuzwa, na kwamba utomvu kidogo ulibaki katika njia ya slaidi. Akasafisha, akaupitisha waya mahali pake, akahakikisha upande wa slaidi uliokatwa unaelekea kwenye chujio la hewa. Safari hii slaidi ilirudi kwa mlio mkali, usukani ukiwa kushoto, kulia na katikati. Akajaribu pia swichi ya kuzimia mota. Ndipo mjukuu alipopewa kofia ngumu na ruhusa.

Mambo haya si ya Marekani peke yake. Kabureta ya slaidi ya namna hiyo imo katika pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mazao katika barabara za Kenya, na dalili zake ni zilezile. Zaidi ya hayo, nchi yetu ina miinuko. Nairobi iko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, na Eldoret kadiri ya mita 2,100. Huko juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa nchi ya pwani huitia mota petroli nyingi kupita kiasi: moshi huwa mweusi, plagi huwa nyeusi, na nguvu hupungua. Dawa yake ni jeti kuu yenye namba ndogo zaidi. Naye anayeiteremsha mashine hiyo Mombasa akumbuke kurudisha jeti ya kwanza, maana petroli ikipungua mota hupata joto la kuidhuru.

Mwisho, yafaa kila mwenye mashine akumbuke desturi moja isiyomgharimu cho chote. Mashine isipotumiwa kwa muda wa mwezi au zaidi, koki ifungwe na petroli yote iliyo katika bakuli imwagwe kwa ile skrubu ya chini. Ni kazi ya dakika mbili. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na mzee yule alijenga ukuta wake siku nzima katika baridi, ng'ombe wakilia kwa njaa. Tangu siku hiyo, kila theluji inapoyeyuka, yeye huchukua kikombe na bisibisi na kwenda ghalani, na mjukuu wake humfuata apate kujifunza.