TAARIFA YA TAWI: MAZIWA YA KIKAO NA SHINGO YA DUMU



Tangu kikao cha Jumamosi kuna maneno. Yalianzia kwenye chai, yakahamia kijiweni, sasa yako humu kwenye simu: kwamba uongozi unatapanya fedha za tawi kwa kununua maziwa ya kikundi cha kina mama kwa shilingi 1,400 kwa lita, wakati mchuuzi wa baiskeli anayaleta mlangoni kwa 1,200. Kamati imekaa. Tunajibu hapa ili wote tusome kitu kimoja.

*KWANZA, HESABU*
Kikao kinatumia lita 10. Tofauti ni shilingi 200 kwa lita, yaani 2,000 kwa kikao. Jumamosi tulihudhuria watu 60. Ukigawa ni shilingi 33 kwa kichwa. Hatusemi ni fedha ya kutupa. Ada ni jasho la mtu. Risiti iko kwenye faili, aje aione yeyote. Ila anayesema "ufujaji" aitaje na hiyo 33.

*PILI, HIYO 1,200 INATOKA WAPI?*
Tulituma wajumbe wawili kijijini alfajiri, pale kina mayu wanapokutana na wachuuzi. Bei ya pale ni 700 kwa lita. Dumu la lita 20 linalipwa 14,000. Lakini mchuuzi hakubali liishie kwenye lita 20. Anataka lijae mpaka shingoni, povu litulie, kisha liongezwe. Wajumbe walilimimina dumu moja kwenye jagi lenye alama, mbele ya mashahidi. Zilitoka lita 22. Mbili hazikulipwa.

Dumu moja hujazwa na kina mama kama watano, maana ng'ombe wetu wa asili hatoi ndoo. Anatoa lita moja au mbili, na ndama naye anadai. Lita mbili kwa siku 30 ni lita 60. Kwa bei ya 700 ni shilingi 42,000 kwa mwezi. Kila mama anaacha pale 8,400. Hayo ni madaftari, ni sabuni, ni dawa ya kupe. Na tunajua mambo ya miji yetu: ng'ombe akiuzwa mnadani, fedha anashika baba. Ya maziwa ndiyo ya mama. Anayejaza shingo ya dumu anagusa fedha pekee ambayo mama haombi kwa mtu.

Gunia la viazi likivishwa kilemba tunaliita lumbesa na tunapiga kelele. Dumu likijazwa shingoni tunaliita bei nafuu. Kipimo ni kipimo, na nchi ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na ina Wakala wa Vipimo.

*TATU, HILI SI GENI USUKUMANI*
Wazee wetu wa pamba, kabla ya uhuru, walichoshwa na mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe vituoni kuhakiki uzito. Kutoka kwenye harakati hizo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, akiwamo Paul Bomani katika uongozi wake. Wazee walijua kwamba ukishaibiwa kwenye mizani, bei nzuri haikusaidii. Wajukuu wao leo tunakunywa chai ya lita zisizolipwa na kuuliza kwa nini hatukupata punguzo zaidi.

*NNE, HOJA ZILIZOLETWA*

_"Mnyonge anataka bei ndogo."_ Kweli. Mwanachama anayetoka duarani na elfu mbili mfukoni hatumpangii anunue wapi. Uamuzi huu ni wa fedha za tawi. Lakini mnyonge wa Segese asishibishwe kwa kumpunja mnyonge wa kijijini, halafu tuseme tumetetea wanyonge.

_"Kina mama wenyewe wamekubali."_ Maziwa hayasubiri. Ikifika saa nne jua limewaka, yanaanza kuharibika, na mama hana jokofu. Masika ndiyo balaa zaidi: maziwa ni mengi, mchuuzi anachagua. Mtu wa namna hiyo hajakubali, amekosa pa kwenda.

_"Mchuuzi naye ana familia."_ Anayo, na baadhi yao ni wanachama wenzetu, wanalipa ada kuliko wengine wanaoandika sana humu. Kuna pancha, matope, na maziwa kuharibikia njiani. Faida ni haki yake. Lakini tazameni: lita 22 kwa 1,200 ni 26,400. Akitoa 14,000 anabaki na 12,400 kabla ya gharama. Akilipa zile lita mbili, yaani 1,400, bado anabaki na 11,000. Akitaka kuirudisha yote kwa mnunuzi, bei inapanda kwa shilingi 64 tu kwa lita. Aiweke kwenye bei tuione, asiifiche kwenye shingo ya dumu.

_"Basi tununue ya pakiti."_ Hatuna ubaya nayo. Tena Tanga Fresh imesimama juu ya ushirika wa wafugaji wa Tanga, na hilo ni la kuiga. Lakini ni aibu Shinyanga, pamoja na ng'ombe wote hawa, kuagiza maziwa ya chai kutoka pwani.

Wala kina mayu hatuwapi upendeleo. Katika ile 1,400, elfu moja inafika kwa mama, 400 ni bodaboda na usafi wa vyombo. Wiki mbili zilizopita laktomita ilionyesha maji, tukarudisha maziwa yote, na siku hiyo tulikunywa chai ya rangi. Haki ina pande mbili.

*TANO, MAAMUZI YA KAMATI*
1. Tawi litanunua maziwa yaliyopimwa kwa jagi lenye alama, kijijini na hapa. Mchuuzi akipima hivyo, tunanunua kwake hata kesho.
2. Bei haitazidi 1,400 bila idhini ya kikao.
3. Jagi na laktomita vinakaa kwa Mhazini. Mwanachama yeyote anaweza kuazima.
4. Tunaiandikia serikali ya kijiji na Afisa Mifugo wa Kata, jagi lenye alama liwekwe pale kina mama wanapouzia.
5. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa, yawe ya nani.

Ajenda hii iko wazi kikao kijacho, Jumamosi saa nane mchana. Asiyekubaliana nasi aje na dumu analoliamini. Tutalimimina mbele ya wote na kila mtu atahesabu mwenyewe.

Tafadhali msomee na jirani asiye na simu.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi, Segese
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi