Bahari Yetu Haikugunduliwa

Msomaji mpenzi, usikubali kuambiwa kwamba Vasco da Gama aliigundua njia ya Bahari ya Hindi. Alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa rubani, naye ndiye aliyemwongoza hadi Calicut. Nani aonyeshwaye njia akaitwa mgunduzi wake? Mwaka 1331 Ibn Battuta alikuwa amekwisha kuzuru Mombasa na Kilwa; mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa China. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Mswahili, Mwarabu na Mhindi walibadilishana bidhaa, maneno na mapishi. Majahazi hayo yalichukua watumwa pia, na aibu hiyo tusiifiche. Urithi husomwa wote, mtamu na mchungu. Mwana akiusahau wake, mgeni hujiandika mrithi.