Fundi wa bure na fundi wa kibanda

Leo sina habari za Java wala za seva. Jumamosi iliyopita nilishinda katika ukumbi wa mtaa mmoja hapa Eastlands, nikiwa mmoja wa vijana waliojitolea kuwatengenezea watu vyombo vya nyumbani bila malipo. Pasi, mabirika ya umeme, redio, blenda, yote yaliletwa. Shahada ya kompyuta ninayo, lakini nawaambia ukweli, kabla ya saa nne asubuhi pasi ilikuwa imenishinda.

Nilibadilisha waya yote, pasi ikabaki baridi. (Ndiyo, nilianza kurekebisha kabla ya kutafuta hitilafu. Waandishi wenzangu wa programu mtanielewa.) Aliyeniokoa ni mzee mmoja mwenye kibanda nje ya geti. Aliingia kuchungulia, akachukua mita, akagusa sehemu mbili, akasema fyuzi ya joto imekufa. Ni kile kidude kidogo kinachokata stima pasi ikipata moto kupita kiasi. Dakika mbili tu. Kisha akaniambia, "Kijana, kazi nzuri. Lakini leo mmenifungia duka."

Maneno hayo sijayasahau. Jumamosi ndiyo siku yake, watu wako nyumbani na wengine wamelipwa. Sisi tukaweka spika getini kutangaza bure, hatua thelathini kutoka kwenye meza yake.

Wazo hili la kukutana na kutengeneza vitu bure lilipata jina Uholanzi. Mwandishi wa habari Martine Postma aliandaa Repair Café ya kwanza Amsterdam, Oktoba 2009. Kule lina maana kabisa, maana fundi wa kutengeneza kibaniko hapatikani kwa urahisi, na ukimpata anakutoza kuliko bei ya kipya. Sisi je? Simama Kamukunji asubuhi usikie nyundo. Shirika la Kazi Duniani lilipoandika ripoti yake kuhusu Kenya mwaka 1972, ndipo neno "sekta isiyo rasmi" lilipoenea ulimwenguni. Yaani dunia ilijifunza jina hilo kwa kututazama sisi! Kulileta wazo la Amsterdam Umoja au Kariobangi bila kulikata upya ni kama kuweka programu ya Windows kwenye Linux halafu ushangae haifunguki.

Sisemi tuache. Kuna vitu ambavyo hata fundi hataki kuvigusa. Birika la bei rahisi, ukidaiwa nusu ya bei ya jipya, utalitupa, na ukilitupa safari yake ni Dandora. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na magari yaliendelea kumwaga taka humo miaka mingi baadaye. Vitu kama hivyo ndivyo vyetu sisi wa kujitolea. TV, redio kubwa na friji tumwachie mwenye kazi, au aketi nasi ndani alipwe. Pesa zilikuwepo. Fulana zetu zilinunuliwa, bango likachapishwa, soda zikaletwa. Mzee aliniambia Jumamosi nzuri humpa kama shilingi elfu moja na mia tano. Bango lile halikuwa la bei hiyo, jamani.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa kompyuta. Mama mmoja alileta TV yenye sauti bila picha. Mzee akazima taa za ukumbi, akamulika kioo kwa tochi, tukaona watu wakitembea humo kwa mbali. Basi picha ipo, taa za nyuma ya kioo ndizo zimezima. Zimefuatana kwenye mstari mmoja, ikiungua moja zote zinalala. Halafu akatoa daftari la shule na kuandika modeli na dalili. Daftari hilo ni la miaka! Huko Marekani, iFixit wamekuwa wakichapisha miongozo ya aina hiyo tangu 2003, ila huwezi kumtuma fundi wa Kayole akaisome kwa Kiingereza huku mteja anangoja. Na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowakataza watengenezaji kuzuia ukarabati hata kwa ujanja wa programu. Watakaoandika ujanja huo ni watu wa taaluma yangu, kwa hiyo tusijifanye hatuhusiki.

Nilimwomba mzee tuliweke daftari lake mtandaoni kwa Kiswahili, jina lake juu, na alipwe kwa kazi hiyo. Akacheka. Akasema kwanza nimletee fyuzi kumi za joto, zile za nyuzi 240, ndipo tuongee. Nimeshapita Luthuli nikazinunua. Waandaaji nao nimewaambia mwezi ujao sitakuja kama meza yake haitakuwa ndani. Hawajanijibu.