Mipango ya kilimo isitegemee mvua nzuri tu





Mimi ni mkulima wa mahindi mkoani Ruvuma. Mipango yetu mingi huandikwa kana kwamba mvua itanyesha vizuri na bei haitabadilika. Lakini ukame wa 1973 na 1974 ulitulazimisha kuagiza chakula nje. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu mashamba na barabara. Na mwaka 2022 mbolea ilipanda bei hata Serikali ikaleta ruzuku.

Sisemi wataalamu wawe watabiri. Nashauri kila sera ipimwe kwa hali nne: ukame, mafuriko, mbolea ghali, na mavuno mengi yasiyo na mnunuzi. Kwa kila hali ielezwe mapema mbegu gani ipandwe, maghala yafunguliwe lini, na mahindi yaruhusiwe kuvuka mpaka au la. Amri ikija ghafla tukishavuna, hasara ni yetu.

Nasi wakulima tuulizwe, maana twajua mtama na muhogo huokoa nyumba mahindi yakikauka. Tahadhari kabla ya athari.

Mkulima,
Songea.