Sanamu Ndogo za Vita na Mpagazi Asiyekuwamo

Tangu boksi la askari wa plastiki lifike katika nyumba yetu ya malezi, zawadi ya padre aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, sisi mafrateri tumegawanyika. Wapo wanaosema huo ni mchezo wa watoto, tena mchezo unaotukuza vita, na frateri hapaswi kuugusa. Wengine wanasema ni burudani tu ya baada ya masomo, haina dhambi wala faida. Mimi sikubaliani na upande wowote. Naona sote tumesahau kuuliza nani yumo ndani ya boksi na nani hayumo.

Kwa wasioifahamu kazi hii, nieleze kidogo. Boksi letu lina askari wa miguu wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, katika kipimo cha 1:35. Maana yake ni kwamba mtu wa sentimita 175 anakuwa na urefu wa sentimita 5. Kichwa, mikono, kiwiliwili, miguu, bunduki na mifuko ya risasi vinakuja vikiwa vimeshikana kwenye fremu. Unavikata kimoja kimoja kwa wembe, unasugua alama za kiwandani, kisha unaviunga kwa gundi inayoyeyusha kidogo kingo za plastiki ili zishikane. Baadaye unapaka rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kwa brashi yenye ncha kama sindano. Askari mmoja anaweza kumaliza jioni kadhaa.

Aristotle alifundisha kwamba binadamu hujifunza kwanza kwa kuiga, na kwamba hufurahia kutazama kitu kilichoigwa vizuri. Ninaiona hali hiyo mezani kwetu. Mwenzetu mmoja alipopendekeza kumgeuza askari mmoja awe askari wa Afrika Mashariki, ilibidi asome. Alivaa nini kichwani? Bunduki yake ilikuwa ya aina gani? Akagundua kwamba mwanzoni mwa vita askari wengi wa Wajerumani huku kwetu walikuwa na bunduki za kale za muundo wa 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mwingi na kumwonyesha adui walipojificha. Mtu aliyekuwa jina tu darasani akaanza kuwa na mwili. Kwa hiyo siwezi kusema kazi hii haina faida.

Lakini hapo ndipo swali langu linapoanza. Vita hivyo vilipita hapa hapa. Mwezi Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, yakiongozwa na Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, yalifuata reli ya kati kutoka Dodoma, yakaingia Kilosa, kisha yakaelekea kusini upande wa Ulaya na Kidodi. (Ulaya hii ni yetu ya Kilosa, si ile alikosoma padre.) Chakula na risasi za majeshi hayo vilibebwa na nani? Anayepita katika Hifadhi ya Mikumi anamjua mbung'o. Mdudu huyo na jamaa zake waliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi. Magari nayo yalikwama matopeni mvua ziliponyesha. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Wapagazi walichukuliwa na pande zote mbili, wengi wao kwa nguvu. Walitembea siku kwa siku na mzigo wa zaidi ya kilo 20, kwa chakula kidogo ambacho mara nyingi hawakukizoea. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba waliofariki wakiwatumikia Waingereza peke yao wanakaribia 95,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Katika boksi letu hamna mpagazi hata mmoja.

Msidhani ni kosa la kiwanda peke yake. Dar es Salaam tuna sanamu ya shaba ya askari, iliyowekwa mwaka 1927, naye yuko peke yake na bunduki yake. Nairobi waliweka sanamu ya watu watatu mwaka 1928, na mmoja wao ni mpagazi. Kwetu mpagazi alibaki katika jina la soko: Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Wengi tunanunua viatu pale bila kujua kwamba tunataja jina lao.

Wanaosema sanamu hizi zinatukuza vita wana hoja, na sitaki kuipuuza. Ukitengeneza askari shujaa tu, aliyesimama wima, safi, bila mgonjwa wala mzigo, umesema uongo kwa mikono yako. Lakini dawa ya uongo huo si kulitupa boksi. Dawa yake ni kukamilisha picha. Sisi tunaofundishwa kwamba kila mtu ni sura ya Mungu hatuwezi kutumia jioni tatu kupaka rangi vifungo vya askari, halafu tukose hata jioni moja kwa ajili ya aliyembebea unga.

Napendekeza hivi. Kabla ya Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, tutengeneze msafara mmoja ukitoka Kilosa mwaka 1916, na wapagazi wawe wengi kuliko askari. Plastiki ni ghali, lakini udongo wa Mto Mkondoa ni bure, na watoto wa hapa tayari ni mafundi wa kufinyanga na kukunja waya. Tuwaalike wazee wa Kilosa, Ulaya na Mikumi waukague msafara huo, watusahihishe, na watuambie walichosikia kwa bibi na babu zao. Jina lolote la mpagazi litakalotajwa tuliandike kwenye daftari. Kisha daftari hilo lipelekwe altareni siku ya marehemu, pamoja na majina ya ndugu zetu wengine tunaowaombea.